UZI: Kuandika noti na mazoezi ya bendi, okestra na kwaya za shule kwa wanafunzi ulionao

MwalimuNoti (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam.

Kila muhula ukianza ombi ni lile lile: "Jamani naomba noti za bendi ya shule, ziwe rahisi, watoto ndio wanaanza." Wenye moyo wanatuma mafaili, mwombaji anashukuru, na wiki mbili hazijaisha anarudi kulalamika kwamba watoto wamekwama baa ya tano (baa ni kipande cha mapigo kati ya mistari miwili ya wima) na hawatoki. Noti zenyewe hazina kosa. Aliyeziandika alikuwa na klarineti sita, tarumbeta nne na tuba mbili mbele yake. Huyu mwenzetu ana klarineti mbili, honi moja, na vijana ambao kila mmoja anataka ngoma.

Hoja yangu ni hii, na nitaitetea humu hadi mnichoke: mwalimu aliyekaa na vikundi vya wanafunzi kwa miaka ana kitu ambacho mchapishaji hana. Anajua mtoto anakwama wapi na kwa nini. Ujuzi huo ukibaki kichwani unaondoka naye siku akihamishwa. Auweke kwenye karatasi, na aiandike karatasi hiyo kwa namna ambayo mwalimu mwingine, mwenye kikundi tofauti kabisa, ataweza kuitumia. Simwambii mtu atunge simfonia. Baa chache za kupasha pumzi na masikio zikiandikwa vizuri zinafanya kazi kuliko wimbo wa kurasa sita ambao hakuna anayeumaliza.

Hatua ambayo wengi wanairuka ni orodha. Kabla hujafungua programu yoyote ya kuandikia noti, chukua daftari uandike kila mwanafunzi, ala yake, noti ya chini kabisa na ya juu kabisa anayoitoa LEO bila kukaza shingo, na kitu kimoja anachokiweza vizuri. Nasisitiza leo. Usiandike anachopaswa kuweza kwa mujibu wa kitabu. Katalogi nyingi za nyimbo za bendi hupanga ugumu kuanzia daraja la 1 hadi la 6, na wanaonunua huamini namba hiyo kama kipimo cha homa. Daraja linakwambia wastani wa wimbo mzima. Halikwambii kwamba mpigaji wako mmoja wa honi ndiye aliyepewa sehemu ngumu kuliko wote.

Ukishakuwa na orodha, andika ndani yake, na kila mstari upewe jambo jipya moja tu. Tarumbeta wakipewa mapigo mapya, noti ziwe zile wanazozijua. Wakipewa noti mpya, mapigo yawe mepesi. Mawili kwa pamoja ndiyo yanayowakwamisha baa ya tano.

Kuhusu ufunguo, yaani noti ambayo wimbo unaizunguka: bendi za kupuliza huanzia B flati ya piano kwa sababu ala nyingi zimetengenezwa kuizunguka noti hiyo. Ala nyingi za kupuliza husoma noti moja na kutoa nyingine: piano ikilia B flati, mwenye klarineti ya B flati na mwenye tarumbeta wanasoma C, saksafoni alto anasoma G, honi ya F anasoma F, filimbi na tromboni wanasoma B flati yenyewe. Andika jedwali hilo ukutani.

Nawawekea zoezi, lichukueni. Nimeliandika kwa solfa (d ni do, m ni mi, f ni fa, s ni sol, l ni la) ili kila ala iliweke kwenye ufunguo wake. Kila herufi ni mapigo manne, na koma baada ya t ni ti ya chini.

Juu: s – l – s – m
Kati: m – d – t, – d
Chini: d – f – s – d

Kila mwanafunzi anajifunza mistari yote mitatu, kwenye oktava inayomfaa. Kisha unagawa: leo filimbi juu, kesho chini. Ukiwa na wapigaji watatu linalia. Ukiwa nao arobaini linalia.

Sasa mwangalie mtoto wa tromboni. Kwenye skeli ya B flati, noti ya pili tu, yaani C, inamtaka asukume slaidi (bomba la kusogeza) mbali, hadi pozisheni ya sita. Mwenye mikono mifupi hafiki. Anainamisha bega, ala inamhama mdomoni, sauti inakufa, na kila siku anajifunza kwamba skeli inaanza vibaya. Kwenye mistari yangu mitatu hakuna re hata moja, kwa hiyo C haimo. Anatumia pozisheni ya kwanza, ya pili, ya tatu na ya nne, basi. Re ataipata baadaye, mkono ukizoea. Hayo ndiyo ninayosema mwalimu anayajua na mchapishaji hayaoni.

Karibuni tuujenge uzi.

Nyuzi4

Naweka kambi hapa. Shikamoo Mwalimu.

MwalimuNoti

Marahaba. Wewe ni mtu wa fidla, usikae kimya.

BesiNzito

Mkuu nakuheshimu ila hapa sikubaliani. Kutunga ni fani. Kuna watu wamesomea kupanga nyimbo za bendi miaka na miaka, kazi zao zimehaririwa, zimejaribiwa, zimechapwa vizuri. Mwalimu mwenye vipindi thelathini kwa wiki akianza kuandika noti usiku, matokeo ni karatasi yenye makosa, watoto wanajifunza makosa. Nunua kizuri, fundisha kizuri. Na jambo lingine: wanafunzi wanastahili kupiga muziki mkubwa, si mazoezi ya mwalimu wao.

MwalimuNoti

@BesiNzito hoja yako ya muziki mkubwa naikubali yote. Sijasema watoto wale mazoezi tu mwaka mzima. Ila huo mpaka kati ya mwalimu na mtunzi unaouchora haujawahi kuwa mnene kiasi hicho.

Solfa tunayoitumia kila siku ilitoka kwa nani? Guido wa Arezzo, mtawa wa karne ya 11, alikuwa anafundisha vijana kuimba na alichoshwa na jinsi walivyokariri kila wimbo kwa kusikiliza, mmoja mmoja. Akachukua utenzi ambao kila mstari unaanza noti moja juu ya uliotangulia, akatumia silabi za mwanzo wa mistari kuwa majina ya noti. Ile ilikuwa nyenzo ya darasani. Karne ya 19 Sarah Glover, mwalimu wa Norwich, Uingereza, akatengeneza mfumo wa kuandika solfa kwa herufi kwa ajili ya watoto, na John Curwen akauchukua, akaurekebisha na kuusambaza. Herufi nilizoziandika hapo juu zimetokana na kazi ya hao wawili.

Vivaldi mwaka 1703 aliajiriwa kufundisha fidla kwenye makao ya wasichana yatima Venice, na sehemu kubwa ya kazi zake aliwaandikia hao. Gustav Holst alifundisha shule ya wasichana London kuanzia 1905 hadi alipofariki 1934, na aliandikia okestra ya wanafunzi wake.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni wa Benjamin Britten, ambaye hakuwa mwalimu wa shule. Katika Noye's Fludde, iliyopigwa mara ya kwanza 1958, amechanganya wapigaji wa kulipwa na watoto. Fidla za watoto amezigawa makundi matatu. Kundi la kwanza lina kazi ya kweli. La pili linabaki pozisheni ya kwanza, mkono haupandi kwenye shingo ya fidla. La tatu, wale ambao wameshika fidla juzi, sehemu kubwa wanapiga nyuzi wazi bila kuweka kidole. Na hawakuwekwa pale kwa huruma. Ukiwaondoa unasikia pengo. Mtunzi wa kiwango kile aliona ni halali kumwandikia mtoto nyuzi wazi. Sisi tunaona aibu gani?

Kuhusu makosa ya uandishi uko sahihi, nitakuja huko.

MgeniWaBendi

Asanteni sana kwa somo. Mimi nimepewa kikundi ambacho mkuu wa shule anakiita okestra lakini kina fidla tano, cello moja, klarineti mbili na saksafoni alto mbili. Nikitafuta wimbo wa nyuzi, wa kupuliza wanateseka. Nikitafuta wa bendi, fidla wanalia. Nifanyeje?

Nyuzi4

@MgeniWaBendi hilo nakujibu mimi maana nimeliishi.

Tatizo ni kwamba nyuzi wanaanzia D. Nyuzi wazi za G, D na A zipo kwenye fidla, viola, cello na besi zote nne, ndiyo maana vitabu vyote vya kuanzia vya nyuzi vimejaa D meja. Ukiwaletea klarineti D meja ya piano, wanasoma E meja, shapu nne (noti nne za kupandishwa nusu hatua). Saksafoni alto wanasoma B meja, shapu tano. Hapo hata mtu mzima anatoka jasho. Upande wa pili, B flati ya bendi inamnyima mtoto wa fidla nyuzi wazi kwenye noti kuu za ufunguo, yaani B flati na F.

Ninachofanya: kwa miezi ya mwanzo naandika nyimbo za noti nne tu za piano, D, E, G na A. Kwenye fidla na viola hizo hazihitaji kidole cha pili kabisa. Ni nyuzi wazi, kidole cha kwanza na cha tatu. Ukijua mtoto wa fidla unajua kwamba kidole cha pili ndicho msumbufu, kwa sababu kinahama, mara kiwe karibu na cha tatu mara kiwe karibu na cha kwanza. Kwa hiyo unamwondolea ugomvi huo. Klarineti wanasoma E, F shapu, A na B. Saksafoni alto B, C shapu, E na F shapu. Zote zinapigika. B ya klarineti iandike ile ya chini, usiwapeleke juu.

Noti nne zinatosha wimbo mzuri, watu wanadharau tu. Mapigo ndiyo yanayobeba ladha. Wape cello mstari unaorudia D na A kama nguzo, fidla wawili wafululize, wengine wajibu.

Kidole cha pili kikikaa sawa, hamia D maina. Klarineti wanasoma E maina, shapu moja. Alto wanasoma B maina, shapu mbili. Na fidla bado wana nyuzi wazi za D na A, ambazo ndizo noti kuu za ufunguo huo. Hapo kila mtu anapumua.

MgeniWaBendi

Hii ya noti nne imenifungua macho. Naijaribu.

SautiYaTatu

Mbona mnazungumza ala tu? Sisi wa kwaya je? Hatuna mambo ya B flati lakini tuna la kwetu: wavulana wanaovunja sauti. Wimbo wa sauti nne unaogawa vizuri soprano, alto, tena na besi umeandikwa kwa watu wazima. Kidato cha pili sina wa kuimba hiyo sauti ya tena. Nina vijana ambao mwezi uliopita waliimba sauti ya pili na leo wakifungua mdomo haijulikani kitatoka nini. Nikiwapa sauti ya tatu juu sana wanakaba koo, nikiwapa ya nne hawafiki chini. Wengi wananyamaza, wananisogezea midomo tu kama samaki.

MwalimuNoti

@SautiYaTatu dada, hapo umegusa pale pale ambapo karatasi ya kununua inafeli kuliko mahali pengine popote, kwa sababu sauti ya kijana wa umri huo inabadilika ndani ya muhula mmoja.

Nyie wenye kwaya andikeni sauti tatu, si nne. Wasichana wagawanyike mbili, wavulana wote wawe na mstari mmoja. Mstari huo uwe mwembamba, noti tano au sita tu kwa upana, kuzunguka C ya kati na chini yake kidogo. Uende kwa hatua fupi, usiruke. Na muhimu: uwe na maneno yenye maana na kipande cha wimbo chenyewe, usiwe "mm-mm" wa kujaza. Kijana anayevunja sauti ana aibu tayari. Mpe mstari mkuu kwa baa nane, uone.

Pia andika noti mbadala. Pale mstari unaposhuka, weka noti mbili juu ya silabi moja, ya juu na ya chini, kila mmoja achague ile sauti yake inayoifikia siku hiyo. Mwezi ujao atachagua nyingine, na hakuna atakayemcheka kwa sababu karatasi yenyewe imeruhusu.

SautiYaTatu

Hiyo ya noti mbadala nimeipenda sana Mwalimu. Na kuhusu solfa: wanafunzi wangu wanasoma solfa tu, noti za mistari mitano hawazijui. Niwaandikie vipi?

MwalimuNoti

Waandikie solfa, kwani tatizo liko wapi? Kwaya inayosoma solfa kwa ufasaha inasoma muziki. Ukitaka kuwavusha kwenda mistari mitano, ukurasa wa kwanza weka vyote viwili, solfa juu ya kila noti. Ukurasa wa pili acha herufi kwenye noti ya kwanza ya kila mstari na pale panaporukwa tu. Wa tatu ondoa.

Ila ninachokataa, na hapa naomba mnisamehe ukali, ni ile tabia ya kuandika jina la herufi chini ya KILA noti mwaka mzima kwenye bendi. Jicho la mtoto linashuka kwenye herufi na halipandi tena. Hasomi urefu wa noti, hasomi alama ya pumzi, anasoma alfabeti.

Mrija

Wakuu naomba mtu anifafanulie klarineti. Nyuzi4 kasema hapo juu "usiwapeleke juu". Mimi napiga tarumbeta, nimepewa klarineti tatu nizifundishe, na kila wakifika A kwenda B wanapiga kelele ya ajabu, nikidhani ni mwanzi, kile kipande chembamba kinachotetema mdomoni.

MwalimuNoti

@Mrija si mwanzi. Nenda ukaangalie vidole.

Mtoto akipiga A ya katikati kwenye klarineti, karibu vidole vyote vimeinuliwa. Ni kidole cha shahada cha mkono wa kushoto tu kinachogusa kitufe. B iliyo juu yake hatua moja tu inataka matundu yote yafunikwe, mikono yote miwili, na dole gumba libonyeze kitufe cha nyuma cha kupandisha sauti. Yaani kwa hatua moja kwenye karatasi anatoka vidole hewani anaingia vidole vyote chini, kwa wakati mmoja. Kidole kimoja kikichelewa au tundu moja likivuja kidogo, ndiyo ile kelele unayoisikia. Wewe wa tarumbeta unaona noti mbili jirani, yeye anavuka mto.

Kwa hiyo kama unaandika nyenzo, mvuko huo wa kwanza usiuweke katikati ya wimbo. Andika zoezi lake wiki kadhaa kabla. Aanzie chini: G ya chini, ashike vidole hivyo hivyo, abonyeze kitufe cha nyuma tu. Klarineti haipandi oktava kama saksafoni, inapanda noti kumi na mbili, kwa hiyo G ya chini inakuwa D ya juu. F ya chini inatoa C, E ya chini inatoa B. Vidole havijahama, masikio yamezoea sauti ya juu, hofu imetoka. Afike juu kwa njia hiyo kwanza.

Akishazoea ndipo unamleta A kwenda B, na unamwandikia kwa maneno juu ya A: "mkono wa kulia chini." Vidole vya kulia vinaweza kufunika matundu yao wakati anapiga A na noti haitaharibika. Akifika B nusu ya kazi imeshafanyika.

Kisha kwenye wimbo, mvuko wa kwanza kabisa uwe baada ya pumziko. Anapata mapigo mawili ya kupanga vidole. Mchapishaji wa wimbo wa kawaida hawezi kukuwekea pumziko hilo kwa sababu haijui klarineti yako.

Mrija

Kumbe! Nimewaonea watoto bure na mianzi nimebadilisha yote.

BesiNzito

Nakiri hilo la klarineti silioni kwenye vitabu vingi nilivyonunua. Lakini Mwalimu uliahidi kurudi kwenye makosa ya uandishi. Karatasi za walimu nilizowahi kupewa hazisomeki.

MwalimuNoti

Ndiyo. Na hapa wenye programu za kompyuta ndio wanaoharibu zaidi, kwa sababu programu inakupa karatasi inayopendeza hata kama haifai.

Kila mstari uwe na namba za baa mwanzoni. Bila hizo unapoteza nusu ya mazoezi ukisema "pale kwenye ile noti ndefu." Ongeza herufi kubwa A, B, C kila sehemu mpya ya wimbo inapoanza, ziwe zile zile kwenye nakala yako na nakala za wote. Mistari iwe mikubwa, karibu milimita 8 kutoka mstari wa chini hadi wa juu kwa wanaoanza. Programu nyingi zinaanza na ndogo zaidi, na mtoto wa nyuma anayesoma stendi ya mwenzake haoni kitu. Kufungua ukurasa kuangukie kwenye pumziko. Nyuzi wakikaa wawili wawili, wa ndani ndiye anayefungua, kwa hiyo sehemu hiyo wa nje aweze kuibeba peke yake.

Mapumziko marefu ndiyo makaburi. Mwanafunzi aliyenyamaza baa kumi na sita hahesabu, anaangalia dirishani. Mwandikie noti ndogo za ala nyingine inayosikika wazi kwenye baa mbili za mwisho kabla hajaingia, na jina la ala hiyo. Afadhali zaidi usimnyamazishe baa kumi na sita. Ana umri wa miaka kumi na miwili.

Na usiamini sauti ya kompyuta. Ndani ya programu filimbi iliyo oktava ya chini inasikika vizuri juu ya tarumbeta tatu. Chumbani haisikiki kabisa. Kompyuta haiishiwi pumzi, kwa hiyo utaandika sentensi ya baa nane bila mahali pa kuvuta hewa na itakulia tamu. Imba kila mstari mwenyewe kwa mdomo kabla hujachapa. Pale utakapotaka pumzi, weka alama.

Nyuzi4

Kuhusu programu niongeze: hifadhini kazi zenu kwa namna zaidi ya moja. Programu ya kuandikia noti iitwayo Finale ilikuwa sokoni tangu 1988, walimu wamejaza humo kazi za maisha yao, na Agosti 2024 wenyewe wakatangaza kwamba hawataiendeleza tena. Kila wimbo weka faili la programu yako, toa na MusicXML, na PDF. MusicXML ilianza 2004 kwa kazi hiyo hiyo ya kuhamisha noti kutoka programu moja hadi nyingine. Itapoteza mapambo kidogo lakini noti zitabaki. Asiye na fedha ya programu atumie MuseScore, ni ya bure na inatosha kwa kazi zote tulizozitaja humu.

SautiYaTatu

Swali la mwisho kwangu. Wanafunzi wanataka nyimbo za redioni. Nikiusikiliza mwenyewe, nikauandika upya kwa sauti tatu, si kazi yangu?

Nyuzi4

Kazi ya mpangilio ni yako dada, ila wimbo si wako. Chini ya Mkataba wa Berne wa 1886, kupanga upya wimbo wa mtu kunahitaji ruhusa ya mwenye haki, hata kama hukuiga karatasi yoyote. Ulinzi unadumu walau miaka 50 baada ya mtunzi kufa, na nchi nyingi zimeweka 70. Kila nchi ina nafuu zake kwa shule, soma sheria ya kwako. Kwa hiyo nyenzo za kusambaza kwa walimu wengine jengeni juu ya nyimbo za asili zisizo na mwenyewe au mlizotunga wenyewe. Na hata za asili, angalieni: wimbo ni wa wote lakini mpangilio uliouchukua kwenye kitabu ni wa aliyeupanga.

Mkisambaza za kwenu, andikeni chini ya ukurasa wa kwanza ruhusa mnayotoa. Leseni za Creative Commons zipo tangu 2002 na zimeandikwa kwa lugha ya kueleweka: anaruhusiwa kunakili, anaruhusiwa kubadili, asiuze, na kadhalika. Mwalimu akiona noti bila neno lolote anaogopa kuzigusa, au anazigusa bila kukutaja.

MgeniWaBendi

Nimerudi wakuu. Nyuzi wameitikia vizuri zile noti nne. Sasa nimeongezewa na kikundi cha pili, cha kupuliza: filimbi tatu, klarineti mbili, alto mbili, honi moja, tromboni moja, hakuna tuba. Na ngoma sita. Zoezi la Mwalimu la mistari mitatu niligawe vipi?

MwalimuNoti

Filimbi zote mstari wa juu, na uziandikie oktava ya pili, za chini hazitasikika. Klarineti mmoja awe nao juu, mwenzake kati.

Honi mpe mstari wa kati na umwekee alto mmoja anayepiga noti zile zile. Honi peke yake ni mateso, noti zake zimebanana, midomo ikikaza kidogo tu anatua kwenye noti jirani, na asipokuwa na mtu wa kumsikiliza hajui kama ni yeye aliyekosea. Alto wa pili akae chini na tromboni. Atalia oktava moja juu yake, ndiyo, na tromboni hataachwa mpweke. Kama kuna kinanda, mkono wa kushoto upige mstari wa chini hadi tuba ipatikane.

Ngoma sita usiwaweke wote kwenye ngoma. Wawili wapige ngoma. Wawili waende marimba au kengele za kugonga kama zipo, mmoja mstari wa juu na mmoja wa chini, nao wanasoma noti kama wengine. Waliobaki mmoja awe na kayamba na mmoja ahesabu baa kwa sauti na kuonyesha kuingia. Baada ya kila mzunguko wabadilishane, na uiandike hiyo zamu kwenye karatasi yenyewe, kwa majina. Ukiiacha ya mdomo watagombana.

Anza polepole kuliko unavyodhani inafaa. Ukishawajaribu leta mrejesho, hasa wa yule wa honi.